Kabla ya Kisu: Mbwa Mwenye Maradhi Mengi Katika Nyanda za Kati

Zuzu ni kata ya Jiji la Dodoma, upande wa magharibi, pembeni mwa ile reli ya kati ya zamani. Wa mbali wakiisikia ni kwa sababu ya kituo chake kikubwa cha kupoza umeme. Wa karibu wanaijua kwa viwanja. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini, na ile ya 2022 ikakuta 765,179, maana katikati hapo, mwaka 2016, Serikali iliamua kuhamia kweli baada ya kuahidi tangu 1973. Mashamba ya uwele na mtama yakapimwa, na nyumba za bati za rangi zikasogea hadi jirani na mazizi. Pamoja na mizigo ya watumishi walikuja mbwa wao: German Shepherd, machotara wao, na vile vijibwa vyeupe vya manyoya marefu ambavyo havijui fisi ni nini.

Kwa hiyo sasa kuna mbwa wa zizi na mbwa wa geti, na wanabwekeana usiku kucha. Mbwa wa zizi ni wa ukoo wa zamani. Mfugaji wa Kigogo hakukosa mbwa, kwani fisi hakukosa kuja. Mbwa huyo hufuatana na watoto malishoni, hula ugali uliobaki na kulala nje. Mara nyingi hana kadi ya chanjo, ila jina analo, na mwenye boma anajua sauti yake akiwa mbali. Mbwa wa geti amenunuliwa, ana banda, huenda ana kadi. Hali zao hazifanani, lakini wote wakifika miaka minane au tisa hukutana na jambo moja: mwili unaanza kuharibika pande nyingi kwa pamoja. Tumbo limevimba, mguu wa nyuma unaburutwa, fizi zimepauka, na mahali fulani pana kinundu. Hapo mwenye mbwa huulizwa, au hujiuliza, apasuliwe au aachwe.

Nadhani swali hilo huulizwa mapema mno, na kwamba mbwa wengi hapa hupotea kwa sababu hiyo. Mbwa mwenye maradhi mengi hana tatizo la upasuaji kwanza. Ana tatizo la mpangilio: kipi kitamwua wiki hii, kipi kitamwua mwakani, na kipi anaweza kuishi nacho hadi mwisho wake. Anayepanga vizuri anaweza kugundua kwamba kisu kinahitajika leo jioni, au kwamba hakihitajiki kabisa.

Mpangilio huo unahitaji mtu wa kuufanya, na hapa historia ya nyanda za kati ina utata wake. Hatuko katika jangwa la tiba ya wanyama. Wajerumani walianzisha kituo cha mifugo Mpwapwa mwaka 1905, Waingereza wakakiendeleza, na ndiko alikotoka yule ng'ombe chotara anayeitwa Mpwapwa. Hadi leo mji huo una taasisi ya utafiti wa mifugo na chuo cha mafunzo ya mifugo. Karne nzima ya ujuzi, lakini ujuzi wa ng'ombe, mbuzi na malisho. Bwana mifugo wa kata, akifika na pikipiki yake na boksi la barafu, anaijua ndigana, anaijua chambavu, anaijua homa ya mapafu. Mbwa yumo katika orodha yake kwa jambo moja tu, kichaa.

Wala hilo si uzembe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua karibu watu 1,500 kwa mwaka nchini Tanzania, wengi wao watoto, na duniani kote makadirio ni kama 59,000. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa pa kupita. Serikali yenye fedha chache ikiamua kutumia senti zake za mbwa kwenye sindano hiyo, imeamua vyema. Ila matokeo yake ni kwamba mbwa mzima anatafutwa na chanjo, mbwa mgonjwa hatafutwi na mtu. Tena anaogopwa. Mbwa asiyechanjwa aliyelegea, anayedondosha udenda na asiyeweza kumeza, hakuna mwenye akili atakayemtia kidole kinywani kuangalia kama ana mfupa umekwama. Kadi ya chanjo, kwa hiyo, ni hati ya kumruhusu daktari aguse. Wanaojenga mageti Zuzu wangelijua hili wasingeitupa ile karatasi.

Kufungua tumbo la mbwa si kazi ya kila aliyeshika sindano. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inamtofautisha daktari wa mifugo aliyesajiliwa na wasaidizi wa ngazi za chini, na inalipa Baraza la Veterinari mamlaka ya kusimamia hilo. Daktari wa aina hiyo anapatikana mjini, ingawa wengi wao riziki yao kubwa ni kuku na ng'ombe wa maziwa. Kesi ikizidi, kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kilomita zipatazo 260. Kumfikisha mbwa huko ni shughuli ya pekee. Konda wa basi hatamkubali, bajaji haiendi mbali hivyo, na kukodi kirikuu kwa safari hiyo kunaweza kugharimu kuliko matibabu yenyewe.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Jike la miaka tisa, hajafungwa kizazi, alipata joto mwezi mmoja au miwili iliyopita. Sasa anakunywa maji kupita kawaida, anakojoa mno, hali chakula, tumbo limejaa. Pengine unatoka usaha wenye harufu nyuma yake, pengine hautoki. Mwenye mbwa huwaza minyoo au mimba. Daktari atawaza kizazi kilichojaa usaha, maradhi ya kawaida sana kwa majike wazima ambao hawajafungwa. Usaha ukitoka nje, ahueni ipo, kwani unaonekana na mfuko haujaziba. Usipotoka ndipo hatari inapozidi: sumu inaingia kwenye damu, figo zinaelemewa, mfuko unaweza kupasuka ndani. Tiba ya uhakika ni kukitoa kizazi chote, na haingoji mshahara wa mwisho wa mwezi.

Hadi hapa swali ni rahisi. Sasa ongeza kupe. Msimu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, mbwa wa Zuzu huwabeba masikioni na katikati ya vidole. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza vijidudu vya homa ya kupe, ndugu wa karibu wa yale maradhi ambayo mfugaji tayari anayaona kwa ng'ombe wake. Aina moja hupasua chembe nyekundu za damu hadi mkojo unakuwa wa rangi ya chai. Nyingine, iitwayo erlikia, inaweza kukaa kimya miezi au miaka huku ikipunguza zile chembe zinazoifanya damu igande. Mbwa wa namna hii anaonekana mchovu tu, labda ametokwa damu puani mara moja ikasahaulika. Mpeleke kwenye meza bila kupima damu, na tatizo litajitokeza wakati tumbo liko wazi na damu haikatiki.

Erlikia ina dawa, doksisaiklini, na hutolewa kwa wiki nne hivi. Kizazi chenye usaha hakikupi wiki nne. Hapo ndipo ufundi unapoonekana. Daktari mzuri atamtundikia dripu, atampa antibayotiki, atapima damu hata kama ni kwa darubini na tone la damu kwenye kioo, atamtuliza kwa saa kadhaa au siku moja, kisha atapasua akijua anaingia na mbwa mwenye damu nyepesi. Doksisaiklini itaendelea baadaye. Daktari wa haraka atapasua palepale. Muoga atatoa dozi ya siku tano na kusema mrudishe wiki ijayo.

Bado ini. Hili linahusu chakula, na Dodoma ina sababu mahususi ya kulizungumza. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara walianza kuugua manjano na kuvimba matumbo. Walihesabiwa wagonjwa 68, wakafa 20. Chanzo kilikuwa sumukuvu katika mahindi. Baada ya hapo elimu ilitolewa, watu wakajifunza kuchambua punje zilizoota ukungu na kuziweka kando. Kando wapi? Nyumba nyingi jibu ni kwa kuku na mbwa. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa kwa urahisi na sumukuvu, na ini lake huharibika polepole kwa kila sufuria ya ugali wa pumba mbovu. Ini hilohilo ndilo linaloshughulikia sehemu kubwa ya dawa za nusukaputi. Kwa hiyo mbwa anayekawia kuamka kutoka mezani huenda anadaiwa deni la gunia la mwaka jana. Hakuna daktari wa upasuaji awezaye kurekebisha jambo hilo siku ya upasuaji. Awezaye ni mpishi, miezi kabla.

Na kinundu? Kwa mbwa wanaozurura, uvimbe unaovuja damu sehemu za siri, wenye sura ya koliflawa, mara nyingi ni ile saratani ya ajabu inayoambukizwa kwa kupandana. Seli zenyewe za uvimbe huhama kutoka mbwa hadi mbwa, na wanasayansi wa vinasaba wameonyesha kwamba ukoo wake ulianzia kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Wenye mbwa wakiuona hukata tamaa kwa sababu unatisha. Kumbe ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri: sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, mara nne hadi sita, na wengi hupona bila kukatwa. Kwa kuwa dawa hiyo hushusha kinga, haipendezi kuichanganya na kidonda kibichi. Kwa jike wetu, basi, uvimbe utangoja kizazi kitoke na mshono upone. Nyonga inayouma itangoja zaidi.

Tazama mpangilio ulivyotoka. Kile kinachotisha macho kinasubiri, kisichoonekana kinatangulia. Mwenye mbwa aliyekuja akisema "mkate huu uvimbe" anaondoka na mbwa aliyetolewa kizazi na uvimbe ungalipo. Asipoelezwa, atadhani ameibiwa, na wenzetu wa kliniki mara nyingi hawaelezi.

Kabla hajafika kliniki kuna madhara mengine yanayotoka nyumbani kwa nia njema. Dawa ya kuogeshea ng'ombe huchukuliwa vilevile ilivyochanganywa na kumwagiwa mbwa, na mbwa hujilamba. Ivamektini ya ng'ombe hudungwa kwa kukadiria, ilhali kwa mnyama wa kilo 12 kosa dogo la kipimo linaweza kuzidisha dozi mara kadhaa. Baya kuliko yote ni diklofenaki na ibuprofeni, zile za duka la dawa baridi. Zinamtuliza binadamu mgongo; kwa mbwa zinatoboa tumbo na kuua figo, na mbwa mwenye usaha kizazini figo zake tayari zimechoka. Daktari akiuliza amepewa nini, mtu hukana kwa aibu. Taja kila kitu, hata muarobaini.

Siku yenyewe ina mambo machache ya kujua. Mbwa mzima asile usiku wa kuamkia upasuaji, ila maji anaruhusiwa hadi karibu na wakati, na namna pekee ya kuhakikisha hali chochote ni kumfunga, kwani mbwa wa uani hakosi mfupa. Zailazini, dawa ya kulaza inayotumika sana kwa mifugo, huwafanya mbwa wengi watapike mara ya kwanza, usipige kelele. Ng'ombe huhitaji kiasi kidogo mno cha dawa hiyo kulinganisha na wanyama wengine, kwa hiyo muulize daktari bila woga kama amezoea kulaza mbwa. Swali hilo si tusi.

Kisha unarudi naye nyumbani, na ninavyoona mimi hapa ndipo penye uzito wote. Upasuaji huchukua saa moja au mbili; mshono hutolewa nyuzi baada ya siku 10 hadi 14. Siku hizo zote daktari hayupo. Yupo inzi. Boma lenye ng'ombe lina inzi kuliko mahali pengine popote, na mshono wenye unyevu ukilambwa usiku mmoja unafunguka, inzi wanataga, funza wanaingia. Kwa hiyo mbwa wa zizi aliyepasuliwa lazima alale ndani, jambo ambalo nyumba nyingi hazijawahi kulifanya. Chumba cha stoo kinatosha kikifagiliwa na kutandikwa gunia safi. Kola ya plastiki ya kuzuia kulamba ikikosekana, ndoo ndogo ya plastiki hukatwa kitako, ikatobolewa matundu pembeni na kufungwa kwa kitambaa shingoni. Fulana kuukuu ya mtoto, mikono ikipitishwa miguu ya mbele, hufunika tumbo. Julai na Agosti usiku wa Dodoma ni baridi ya kweli, na mbwa aliyetoka nusukaputi hawezi kujipasha joto mwenyewe. Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwenye kanga, iwekwe ubavuni.

Na mtu ni lazima awepo. Spitznagel na wenzake, wa Kent State huko Ohio, walichapisha utafiti mwaka 2017 wakionyesha kwamba wanaouguza wanyama wenye maradhi ya kudumu hubeba mzigo wa mawazo na huzuni zaidi ya wenye wanyama wazima, mzigo unaofanana na wa wanaouguza ndugu. Kwetu mzigo huo una tabaka la ziada, kwa sababu haukubaliki kutajwa. Ukimuuguza mama, jirani analeta uji. Ukimuuguza mbwa, jirani anauliza, "Mama Fulani, kweli unakesha na mbwa?" Kisha hesabu ya mbuzi inafuata: kwa fedha hizo ungepata mbuzi wangapi, na mbwa wengine utapewa bure. Hesabu ni sahihi. Inachokosa ni kwamba anayekesha hajui kukesha kwa mbwa mwingine.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito zaidi: nchi ambayo sheria ya bima ya afya kwa wote imepitishwa mwaka 2023 tu, na ambayo watu wake bado wanauza shamba kumtibu mtoto, ina haki gani ya kujadili dripu ya mbwa? Siidharau hoja hiyo. Lakini nakumbuka kwamba Maria Dickin alifungua kliniki ya bure ya wanyama wa maskini London mwaka 1917, katikati ya vita vikuu, wakati London yenyewe ilikuwa na upungufu wa chakula, na waliopanga foleni walikuwa maskini wenyewe. Anayemiliki kidogo hukishika kwa nguvu. Zaidi ya hapo, mbwa wa zizi ni mlinzi wa mali. Mfugaji anayemtibu analinda ndama. Wa geti naye hulinda televisheni, tuseme.

Dini pia imo, hasa kwa familia za Kiislamu zilizohamia na mbwa wa ulinzi. Kwa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea kwetu, unyevu wa mbwa ni najisi nzito, na kinachoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki wana maoni mepesi zaidi. Nimesikia hili likitumika kama sababu ya kumwacha mbwa afe na kidonda. Lakini ni dini hiyohiyo inayosimulia katika Hadithi juu ya aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu na kusamehewa. Glavu, ndoo ya maji na udongo vinatatua la tohara. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, kwa upande wake, haiulizi dini ya mwenye mnyama: kumwacha akiteseka bila sababu ni kosa.

Linabaki la wakati wa kuacha. Daktari wa Kimarekani, Alice Villalobos, aliandaa kipimo mwaka 2004 ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya kwa kalamu na daftari. Vitu saba: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila kimoja kipe alama sifuri hadi kumi, kumi ikiwa ndiyo hali njema. Jumla ikizidi 35, kuna maisha ya kuendelezwa. Nakipenda kwa sababu kinamlazimisha mtu aangalie mbwa badala ya kuangalia hofu yake. Ningebadilisha kimoja tu kwa Zuzu: chini ya furaha ningeandika kama bado anainuka kumlaki wa nyumbani wakati ng'ombe wanarudi, au gari linapopiga honi getini. Mbwa anayeumwa nyonga, mwenye uvimbe na ini bovu, anaweza kupata alama 45 na kuishi vizuri mwaka mwingine. Mwenye ugonjwa mmoja tu anaweza kupata 12. Pima kila wiki, siku ileile, na asipime mtu mmoja. Watoto huona mambo ambayo mwenye kulipa hataki kuyaona.

Alama zikishuka wiki tatu mfululizo, mwite daktari aje nyumbani na sindano ya kumpumzisha, na umuulize anatumia dawa gani. Kama ni pentobabitali, mzoga unabaki na sumu, na Zuzu bado ina fisi wanaofukua. Kaburi lichimbwe refu kwenda chini, mbali na kisima, lifunikwe kwa mawe makubwa siku hiyohiyo. Wala mbwa wa jirani asiachwe aje kunusa.